Seva ya Kihoto Ikae Wapi?

Mei 2024, Rais William Ruto akiwa ziarani Marekani, kampuni ya Microsoft na G42 ya Falme za Kiarabu zilitangaza mpango wa kujenga kituo kikubwa cha seva Olkaria, kusini mwa Ziwa Naivasha. Uwekezaji wa kuanzia ulitajwa kuwa dola bilioni 1, na umeme wa awamu ya kwanza megawati 100, wote wa mvuke wa ardhini. Mvuke wenyewe upo: mitambo ya kampuni ya umeme ya KenGen katika eneo hilo ina uwezo wa kuzalisha zaidi ya megawati 700. Ng'ambo ya ziwa hilohilo, upande wa mji wa Naivasha, uko mtaa wa Kihoto. Oktoba na Novemba 2025 ziwa lilipanda likaingia mtaani, maelfu ya wakazi wakahama, na boti zikawa zinapita kati ya nyumba palipokuwa na njia za miguu. Haikuwa mara ya kwanza, kwani mwaka 2020 pia maji yalifika.

Swali la makala haya limekaa kati ya mvuke wa Olkaria na maji ya Kihoto. Katika mtaa kama huu kuna shule, zahanati, makanisa, vyama vya akiba na wenye nyumba za kupangisha, na kila mmoja ana kumbukumbu asizoweza kuzipoteza: karo iliyolipwa, chanjo ya mtoto, hisa za mwanachama, kodi ya mwezi. Maji yakiingia usiku watu huokoa watoto, godoro na jiko. Daftari hubaki kwenye droo. Kwa hiyo fundi akija na habari kwamba kumbukumbu hizo zinaweza kuwekwa kwenye programu inayofunguka kwa simu, programu ya bure, ya kwenu wenyewe, isiyodai ada ya kila mtumiaji kila mwezi, ni haki asikilizwe.

Anachosema fundi huyo ni kweli, ila hajasema yote. Msimamo wangu nautoa mapema ili msomaji aupime njiani: programu iwe ya taasisi yenyewe, mashine isikae Kihoto, na kazi ya kuisakinisha ihesabiwe kuwa ndogo kuliko kazi zote zinazoifuata.

Programu za aina hii ziko nyingi. Moodle huendesha masomo na mitihani. Koha, iliyozaliwa New Zealand na kuanza kazi Januari 2000, huendesha maktaba. Nextcloud huhifadhi mafaili na kuyashirikisha. OpenMRS hutunza kumbukumbu za wagonjwa, na Apache Fineract, iliyotokana na mradi wa Mifos, husimamia akiba na mikopo. Zote ni programu huria, yaani msimbo wake uko wazi, hakuna leseni ya kununua, na yeyote anaruhusiwa kuipakua, kuiweka kwenye seva yake na hata kuibadilisha. Faida yake kubwa kwa taasisi ndogo ni kwamba hakuna kampuni inayoweza kuamka siku moja ikapandisha bei au ikafunga huduma, kumbukumbu za miaka 10 zikabaki mikononi mwa mtu mwingine.

Kenya imeitembea njia hii kwa muda mrefu, na Bonde la Ufa lina sehemu yake katika historia hiyo. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot huko Nandi, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Indiana walianza kutumia mfumo wa kompyuta wa kuandikisha wagonjwa. Uzoefu huo ulisaidia kuzaliwa kwa OpenMRS mwaka 2004, na mwaka 2006 OpenMRS ikaanza kuhudumia wagonjwa wa mpango wa afya wa AMPATH, wenye makao yake Eldoret. Baadaye, kuanzia mwaka 2012, ikajengwa juu yake KenyaEMR, ambayo ilisakinishwa katika mamia ya vituo vya afya nchini. Kwa kawaida seva ya KenyaEMR ilikaa ndani ya kituo chenyewe: kompyuta moja chumbani, nyingine zimeunganishwa nayo kwa waya au kwa waifai, na mtandao wa nje ukikatika kliniki inaendelea.

Wakati huohuo Wizara ya Afya ilifanya kinyume kwa kazi nyingine. Mwaka 2011 ilipoeneza DHIS2, mfumo wa takwimu za afya ulioendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo, haikusakinisha nakala katika kila wilaya. Iliweka mfumo kwenye seva moja ya kati, ya kukodi, na maofisa wa wilaya wakawa wanaingia kwa kivinjari wakitumia modemu za simu. Fundi wa seva alihitajika mahali pamoja tu. Kosa likionekana linasahihishwa mara moja, na nchi nzima inapata marekebisho siku hiyohiyo.

Nchi ni moja, sekta ni moja, miaka ni ileile, na majibu yakawa mawili yanayopingana. Yote mawili yalikuwa sahihi kwa sababu kipimo kilikuwa kimoja: nini kitatokea mtandao ukikatika leo? Mgonjwa aliyeketi mbele ya daktari hawezi kungoja faiba irudi. Takwimu za malaria za mwezi uliopita zinaweza kungoja hadi kesho asubuhi. Kipimo hicho naona kinatosha kabisa kwa Kihoto. Zahanati inayoandikia wagonjwa dawa ina sababu ya kutaka mashine iliyo karibu. Shule inayotunza karo, chama kinachotunza hisa na mwenye nyumba anayefuatilia kodi hawana sababu hiyo, na wakijibebesha mashine ofisini wanabeba hatari bila kupata chochote.

Tuitazame basi hiyo mashine ya ofisini, maana ndiyo inayowavutia wengi. Unaiona, unaigusa, umeilipia mara moja. Kompyuta ndogo kama Raspberry Pi haizidi wati 15 hata ikifanya kazi kwa nguvu, na laptopu kuukuu ina faida zaidi kwa sababu betri yake huibeba stima inapopotea kwa muda mfupi. Lakini stima yetu haipotei kwa muda mfupi tu. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima iliingia gizani kwa saa nyingi, na giza la namna hiyo likarudi Novemba na Desemba mwaka huohuo. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, hifadhidata inaweza kuharibika, na kadi ndogo za kumbukumbu zinazotumika kwenye Raspberry Pi ni dhaifu sana kwa pigo hilo. Anayechagua njia hii atumie diski imara badala ya kadi, na betri ya akiba inayoiamuru mashine ijizime kwa utaratibu kabla chaji haijaisha.

Kikwazo cha pili wengi hawakijui mpaka wamekwisha nunua mashine. Laini za kawaida za nyumbani na za simu mara nyingi hazimpi mteja anwani yake mwenyewe ya intaneti. Wateja wengi hugawana anwani moja ya hadhara. Chanzo chake ni uhaba wa anwani za mfumo wa zamani, IPv4, ambazo ghala kuu la dunia lilimaliza kuzigawa Februari 2011. Matokeo yake ni kwamba kompyuta ya ofisini inaweza kutoka nje na kusoma tovuti yoyote, ila mtu wa nje hawezi kuifikia. Unaweza kununua laini ya biashara yenye anwani ya kudumu, au kupitisha mawasiliano kwa njia ya siri hadi seva ya kukodi iliyo kwingine. Ukishafika hapo, jiulize kwa nini usiweke programu yote kwenye hiyo seva ya kukodi.

Kwa Kenya jambo hili lina uzito wa pekee kwa sababu ya M-Pesa. Tangu Safaricom ifungue lango lake la Daraja mwaka 2017, taasisi yenye namba ya paybill inaweza kuunganisha programu yake na malipo: mzazi akilipa karo, taarifa inatumwa moja kwa moja kwenye programu na akaunti ya mwanafunzi inasahihishwa bila karani kunakili ujumbe wa simu. Ila taarifa hiyo hutumwa kwenye anwani ya hadhara yenye cheti cha usalama. Seva iliyojificha nyuma ya ruta ya ofisi haitaipokea. Kwa shule au chama cha akiba, kuunganishwa na M-Pesa huenda ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya kuacha daftari, na mashine ya ofisini inaifanya kazi hiyo kuwa ngumu bila lazima.

Kisha yako maji. Kihoto ni mtaa wa kando ya ziwa lisilo na mto wa juu ardhini wa kulitoa maji, kwa hiyo mvua zikizidi kwa misimu kadhaa ufuo unasogea mbele. Kila kifaa kilichowekwa humo kipangiwe kwamba siku moja kitalazimika kubebwa.

Seva ya kukodi ni sehemu ya kompyuta kubwa iliyo ndani ya jengo lenye jenereta, ulinzi, kiyoyozi na laini zaidi ya moja ya intaneti. Unapewa anwani yako ya kudumu na uhuru kamili wa kusakinisha unachotaka. Kwa shule au chama cha kawaida, seva yenye gigabaiti 2 za RAM hutosha kuanzia, na seva ndogo za makampuni ya nje hutozwa dola chache kwa mwezi. Bei hiyo ya dola ina mtego wake. Januari 2024 dola moja ilikaribia shilingi 160. Kuanzia katikati ya mwaka huo ikawa inazunguka 129. Ankara ya dola 6 ilikuwa kama shilingi 960 kisha ikawa 774, bila taasisi kubadilisha chochote. Watoa huduma wa Nairobi hutoza kwa shilingi na hupokea M-Pesa, jambo lenye thamani kubwa kwa chama ambacho mweka hazina wake hana kadi ya benki ya kulipia ng'ambo. Nimeona hesabu nyingi za gharama zikisahau hili: seva ikikosa kulipiwa kwa sababu kadi ya mtu mmoja imeisha muda, taasisi nzima inazimwa.

Kati ya seva ya ng'ambo na ya Nairobi, tofauti nyingine ni njia ya kufikia. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota kwa siku nyingi. Aliyekuwa na seva Ulaya alizipata kumbukumbu zake kwa taabu. Aliyekuwa na seva Nairobi angeweza kufikiwa bila kugusa bahari, kwa sababu makampuni ya intaneti ya Kenya hubadilishana mawasiliano yao ndani ya nchi kupitia kituo cha KIXP. Kituo hicho hakikupatikana kirahisi. Kilifunguliwa Novemba 2000, kikafungwa baada ya muda mfupi kufuatia malalamiko ya Telkom Kenya iliyokuwa na ukiritimba wa mawasiliano ya nje, na kikafunguliwa tena Februari 2002. Kabla yake barua pepe kati ya ofisi mbili za Nairobi ilikuwa ikipanda setilaiti, ikavuka bahari, na kurudi. Kwa watumiaji walioko Naivasha, Gilgil na Nakuru wanaofungua programu kwa bando la simu, mimi ningechagua Nairobi hata kama bei imezidi kidogo.

Sasa usakinishaji wenyewe. Nitaupitia kwa ufupi, kwa sababu maelekezo ya kila programu yameandikwa na wenyewe na yanabadilika. Seva hupewa mfumo wa Linux, mara nyingi Debian au toleo la Ubuntu la muda mrefu, ambalo hutoka kila baada ya miaka 2, mwezi Aprili, na kupata marekebisho ya usalama kwa miaka 5. Toleo la 24.04 kwa mfano linafika 2029. Fundi huingia kwa ufunguo wa siri badala ya nenosiri, huunda mtumiaji wa kawaida ili asifanye kazi kama mkuu wa mfumo, na hufunga milango yote ya mtandao isipokuwa ule anaoingilia yeye na ile miwili ya tovuti, 80 na 443. Huweka hifadhidata, kama MariaDB au PostgreSQL, kisha programu ya kuhudumia tovuti kama Nginx, kisha programu yenyewe. Siku hizi mafundi wengi hutumia Docker, iliyotoka mwaka 2013, ambayo hufunga programu pamoja na vyote inavyohitaji ili isigombane na nyingine.

Jina la tovuti huandikishwa kwa wakala aliyeidhinishwa na KeNIC, msimamizi wa majina ya .ke: .sc.ke kwa shule, .or.ke kwa vyama na mashirika, .co.ke kwa biashara. Tafadhali jina liandikishwe kwa jina la taasisi, kwa barua pepe ya taasisi. Fundi aliyeliandikisha kwa jina lake ndiye mwenye mali, na siku mkikosana utajua. Cheti cha usalama hutolewa bure na Let's Encrypt, shirika lililoanza kuhudumia umma Desemba 2015. Cheti cha kawaida hudumu siku 90 na hujihuisha chenyewe kama kimepangwa vizuri. Kisipojihuisha, kivinjari kitawatisha wazazi wote asubuhi moja kwamba tovuti ya shule si salama. Tangu Juni 2025 Let's Encrypt haitumi tena barua pepe za kukumbusha, kwa hiyo mtu lazima awe anaangalia.

Liko jambo moja dogo la usakinishaji ambalo huwaumiza wahasibu wa kwetu. Seva nyingi huja zikiwa na saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya Nairobi kwa saa 3. Ikiachwa hivyo, malipo yaliyofanywa saa saba usiku wa tarehe 1 yataandikwa saa nne usiku wa mwezi uliopita, na hesabu za mwezi hazitalingana na za M-Pesa. Kurekebisha ni amri moja. Kuligundua tatizo baada ya miezi sita ni kazi ya wiki nzima. Kadhalika, usitegemee barua pepe kupeleka taarifa kwa wazazi, kwa sababu watoa huduma wengi wa seva hufunga mlango wa kutuma barua ili kuzuia taka, na hata hivyo mzazi wa Kihoto husoma ujumbe mfupi wa simu kabla ya barua pepe. Bajeti ya ujumbe mfupi iwekwe tangu mwanzo.

Kazi hii yote fundi mzoefu huimaliza kwa siku moja au mbili. Hapo hupigwa picha, hulipwa na huondoka, na taasisi nyingi hudhani mradi umekamilika. Kumbe mradi ndio umeanza. Seva yoyote yenye anwani ya hadhara huanza kujaribiwa na programu za wezi muda mfupi baada ya kuwashwa. Hazimjui mwenye seva, zinabisha kila mlango duniani. Zinatafuta nenosiri rahisi, toleo la zamani lenye kasoro inayojulikana, na ukurasa wa msimamizi ulioachwa wazi. Hata wenye nguvu huyumba: Julai 2023 mfumo wa serikali wa eCitizen ulishambuliwa kwa wimbi la maombi ya uongo, na huduma kadhaa zikakwama. Chama cha akiba cha mtaani hakitashambuliwa kwa kiwango hicho, ila programu yake ikikaa mwaka mzima bila marekebisho, itaingiliwa na mtu ambaye hata hajui Kihoto ni wapi.

Watengenezaji wa Ushahidi, programu ya kukusanya taarifa za wananchi kwenye ramani, waliligundua tatizo hili la mzigo wa seva mapema. Programu hiyo ilizaliwa nchini mwetu Januari 2008, wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi, ghasia ambazo Nakuru na Naivasha zinazikumbuka kwa uchungu. Ilitolewa kuwa huria, na mwaka 2010 ikatumika Haiti baada ya tetemeko. Watu wengi walioihitaji hawakuweza kuisakinisha kwenye seva yao, na mwaka huohuo wa 2010 Ushahidi ikafungua Crowdmap, ambapo mtu aliweza kuanzisha ramani yake bila kugusa seva. Walioijenga programu wenyewe walikubali kwamba kuwa na msimbo wa bure hakutoshi. Nadhani kila shule inayosita inapaswa kujua hivyo, ili isione aibu kuuliza kama huduma ya kulipia kwa mwezi haiwafai zaidi. Kwa taasisi yenye watumiaji watatu na isiyo na mtu wa kuitazama seva, huduma ya kulipia inafaa zaidi, mradi mkataba useme wazi kwamba inaweza kuchukua data zake zote wakati wowote, katika muundo unaofunguka kwingine.

Nakala rudufu ndizo roho ya jambo lote. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la seva la kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa. Miongoni mwa wateja walikuwamo waliokuwa na nakala, ila nakala zenyewe zilikuwa palepale, wakapoteza vyote. Jengo la Ulaya lenye ulinzi wa kila aina liliungua. Ziwa letu linapanda. Hakuna mahali pasipo na hatari yake. Kanuni ya mafundi ni nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mbali. Kwa Kihoto naitafsiri hivi: data hai iwe kwenye seva ya Nairobi, nakala ya kila usiku itumwe kwa mtoa huduma mwingine, nchi nyingine ikiwezekana, na kila wiki mtu achukue nakala iliyofungwa kwa siri kwenye diski ndogo inayokaa nyumbani kwa mjumbe anayeishi sehemu ya juu, mbali na ufuo. Hifadhidata ya shule ya wanafunzi 500 ni ndogo, huingia kwenye flashi ya bei rahisi na nafasi ikabaki tele.

Sheria nayo ipo, na si ya makampuni makubwa pekee. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inayosimamiwa na ofisi ya Kamishna wa Data, inamtaka anayetunza data akijua imevuja kwa namna ya kuwadhuru wenyewe amjulishe Kamishna ndani ya saa 72. Data za afya ni nyeti, na za watoto zinahitaji ridhaa ya mzazi. Taasisi ndogo zenye mapato yasiyofika shilingi milioni 5 na wafanyakazi wasiofika 10 zimeondolewa katika sharti la kujiandikisha, lakini msamaha huo hauzigusi shule wala zahanati. Septemba 2023 shule moja ya Uthiru, Nairobi, ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila ridhaa ya wazazi. Kuipeleka data nje ya nchi kunaruhusiwa kwa masharti ya ulinzi, ambayo mwenye taasisi ndiye anayepaswa kuyathibitisha. Hiyo ni sababu nyingine ya kuipendelea Nairobi, na ya kuifunga kwa siri ile nakala iliyo nchi nyingine.

Nimeacha mwisho suala ninaloliona kubwa kuliko teknolojia yote: watu. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, wataalamu wengi waliokuwa wakihudumia mifumo ya kumbukumbu za afya nchini kwa fedha hizo walisimamishwa kazi. Msimbo wa KenyaEMR haukupotea, seva hazikuibwa, lakini mtu wa kupigiwa simu kituo kinapokwama hakuwapo tena. Ikiwa hilo liliupata mfumo wa taifa, shule ya Kihoto inayomtegemea kijana mmoja aliyehitimu juzi, ambaye kesho atapata kazi Nairobi au Doha, iko katika hatari kubwa zaidi. Sharti la chini kabisa ni watu wawili wanaojua kuingia, manenosiri na funguo vikiwa ndani ya bahasha iliyotiwa lakiri na kufungiwa kwenye sefu ya taasisi, na kijitabu kinachoeleza kila kilichofanywa.

Hapo ndipo ninapoona ushirikiano unaweza kufanya kazi ambayo taasisi moja haiwezi. Shule tano za mtaa, au vyama vitano vya akiba, vinaweza kukodi seva moja kubwa kidogo, kila kimoja kikiwa na hifadhidata yake iliyotengwa, na kumlipa fundi mmoja wa kudumu kwa saa chache kila wiki. Gharama ya seva inakuwa ndogo mno, na fedha zote za maana zinaenda kwa mtunzaji. Karibu nasi kuna Chuo Kikuu cha Egerton kule Njoro na Chuo Kikuu cha Kabarak, vinavyofundisha vijana kazi hii. Vijana hao wanahitaji mahali pa kuifanyia kabla hawajaondoka, na Naivasha inaweza kuwapa.

Kwako mwalimu mkuu, au katibu wa chama, unayekaribia kumwita fundi: kubaliana naye bei, lakini nusu ya mwisho isitoke mpaka afanye jambo moja mbele yako. Achukue nakala ya jana usiku, aifungue kwenye seva nyingine tupu, na akuonyeshe akaunti ya mwanafunzi au mwanachama utakayemtaja wewe mwenyewe, ikiwa na salio sahihi. Akishindwa, hajamaliza kazi. Akiweza, mlipe siku hiyohiyo, na mpangie tarehe ya kulirudia jambo hilo kabla ya mvua za masika.